Mwana wa Mdomo

"Na mama yake ni nani?"

Swali hilo aliliuliza Maka, ajuza wa nyumba ya jirani, na mle gizani hakuna aliyelijibu. Wanawake walikuwa wamejibana ndani ya nyumba ya mikeka, goti kwa goti, wakimsikiliza Shamis. Mmoja alikohoa. Mwingine akamnyamazisha mtoto ambaye hata hakuwa analia.

Ulikuwa mwaka wa 1966, vita vya Shifta, vya waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vimepamba moto. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji wa pembeni mwa Garissa mahali pamoja, ikawazungushia ua wa miiba na waya, ikapaita kijiji cha usalama. Usalama! Ngamia wao walimiminiwa risasi kisimani, wanaume wao wakapepetwa kama mtama, kisha wakaambiwa washukuru kwa kulindwa. Jua likizama, filimbi ya kafyu inalia. Moto uzimwe. Taa izimwe. Chochote kitakachoonekana nje kitapigwa risasi kwanza, kitaulizwa jina baadaye.

Shamis alikuja likizo tu. Alikuwa msichana wa chuo kikuu Nairobi, bingwa wa mijadala, na wavulana wa chuo walisema ulimi wake ungefaa kubebwa na kibali cha silaha. Barabara ikafungwa, ruhusa ya kurudi ikakataliwa, naye akakwama nyuma ya waya kama mbuzi mgonjwa. Hasira ilimfika kooni. Magazeti aliyoyaacha Nairobi yalikuwa yakiandika kwamba shifta kadhaa wameuawa, hivyo tu, kadhaa, kama vile watu ni nzi. Hata mmoja hakuwa na jina.

"Nitaandika kitabu," aliapa mbele ya mama yake, Kaaha. "Na ndani yake atakuwemo mtu mzima, si kadhaa."

Kwa kuwa taa ilikatazwa, alianza kukiandika kwa mdomo. Kila jioni, baina ya magharibi na isha, wanawake wa nyumba zilizobanana na yao walijipenyeza kwao kwa nyuma, doria isiwaone, naye akawasimulia habari za mchungaji mmoja aitwaye Yarow, aliyepoteza ngamia wake wote kwa siku moja.

Usiku wa kwanza tu walimkatiza.

"Yarow wa nani?"

"Yarow tu," alisema Shamis. "Ni mtu wa hadithi."

"Mtu tu hayupo," walimjibu. "Upepo ndio hauna baba. Tumwendee mtu, tumlilie, na hatuujui ukoo wake? Mtaje!"

Huko kwao mtoto hufundishwa kuwahesabu baba zake kabla hajafundishwa kufunga mbuzi. Mgeni akifika nyumbani huulizwa baba yake, na baba wa baba yake, mpaka pale ukoo wake na wako unapokutana. Na ukishakutana, huna ruhusa ya kumfungia mlango. Shamis alitaka kuendelea na hadithi. Hakuwa na hamu ya kutunga safu nzima ya mababu. Basi kwa uvivu akachukua ile iliyokuwa karibu na ulimi, ya kwake mwenyewe.

"Yarow wa Alio, wa Billow, wa Ogle, wa Korane..." akateremka nayo mpaka mwisho.

Wakaangua kicheko. Alio alikuwa marehemu baba yake.

"Ah! Basi huyo ni ndugu yako, wewe!"

"Na awe ndugu yangu," Shamis alisema. "Nikose kaka kwa nini, na mdomo ninao?"

Hapo ndipo Maka alipouliza lile swali. Marehemu Alio alikuwa na mke mmoja tu, naye alikuwa ameketi hapo hapo, kimya, mgongo kwenye nguzo. Wote walimjua. Hakuna aliyemtazama.

"Hadithi hii haimhitaji mama, ayeeyo," Shamis alimwambia bibi yule, kwa sauti ile ya kufunga mjadala. "Tuendelee."

Wakaendelea.

Kadiri jioni zilivyopita, Yarow alizidi kunenepa. Shamis alikuwa na imani zake kuhusu kazi hii. Aliamini kwamba mhusika hawi mtu kwa sifa zake. Huwa mtu kwa kile anachopungukiwa. Mpe shujaa meno yote thelathini na mawili, ni sanamu. Mng'oe moja, anaanza kupumua. Kwa hiyo alimpa Yarow pengo mbele. Akampa harufu ya moshi wa manemane iliyoganda shukani. Akampa mguu wa kushoto uliopindia ndani, akawa anauburuta mchangani... shrrr... shrrr... na wanawake wakashika vifua vyao. Mara nyingine alisikia kama maneno hayatungi yeye, kama kuna mtu anamnong'oneza sikioni. Alifurahi. Alidhani ndiyo kuwa mwandishi.

Jioni ya shari ilianza kama jioni nyingine yoyote. Kaaha alitaka kufukiza vibuyu vya maziwa kabla ya filimbi, na moto wake ulikuwa umezimika.

"Kimbia kwa Maka ukaniletee kaa," alisema. "Usianze mjadala huko. Kaa la moto tu, na miguu yako."

Shamis alikwenda na kigae. Maka akamwekea kaa jekundu, akalifunika majivu. Jua lilikuwa limeshazama nusu, na ua wa miiba umeanza kuwa mweusi.

Akiwa njiani kurudi, alinusa manemane.

Alisimama. Hakuna aliyekuwa anachoma manemane wakati huo. Nani angethubutu kutoa moshi karibu na filimbi?

"Nabad, abaayo."

Mtu alikuwa amechutama chini ya ua. Upande wa ndani. Shuka ilimfunika kichwa, ikamwangukia usoni.

"Nabad," Shamis alijibu, kwa kuwa salamu ya amani hurudishwa, hata kwa asiyemjua anayemwita dada. Halafu, kwa mazoea ya kwao, akauliza, "Wewe ni wa nani?"

"Yarow wa Alio," mtu yule alisema taratibu. "Wa Billow. Wa Korane..." Akasita. Akacheka kidogo puani. "La, la. Ogle kwanza, ndipo Korane. Ulimi umeteleza."

Shamis alirudi nyuma hatua moja.

Usiku mmoja, katikati ya hadithi, yeye mwenyewe aliwahi kuwachanganya mababu hao wawili. Alisita pale pale. Alisahihisha kwa maneno yale yale. Na kicheko kile, kifupi, cha puani... kilikuwa chake.

"Nani amekutuma?" alifoka, ingawa sauti ilitoka nyembamba. "Mtoto wa nani wewe, wa kunichezea?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza."

"Toka hapa. Mimi nilikubuni. Wewe hupo."

"Sawa," alisema.

Hakubisha. Shamis alikuwa amezoea wapinzani wanaobisha. Hao alijua pa kuwashika. Huyu alikubali tu, kwa adabu, na kukubali kwake kulimsimamisha nywele.

"Baba zangu wote umenipa, abaayo. Mguu umenipa, unauma. Kiu umenipa. Nilikwenda makaburini, wafu wakaniuliza mama yangu. Nikanyamaza. Wakanifukuza. Nikaja kwa walio hai. Wataniuliza hilo hilo." Akainua uso. "Nimechoka kunyamaza."

Shuka ikarudi nyuma.

Pengo lilikuwepo. Meno yalikuwepo, na midomo, na kidevu chenye vumbi.

Shamis hakuwahi kumpa Yarow macho. Hakuwahi kumpa paji la uso. Hilo alilikumbuka wakati huo.

Juu ya ile midomo hapakuwa na kitu. Palikuwa na magharibi tu.

Kigae kilianguka. Kaa likatawanyika mchangani. Filimbi ikalia, kali, ndefu, na Shamis akakimbia bila kutazama nyuma. Hakuhitaji kutazama. Alisikia.

Shrrr...

Shrrr...

Alijitupa ndani, akaivuta ngozi ya mlangoni na kuifunga kwa kamba. Kaaha alimkuta amejikunja, meno yakigongana.

"Kaa liko wapi?"

"Yarow yuko nje, hooyo. Yule wa hadithi. Nimemwona."

Alitegemea kuchekwa. Alitegemea kupigwa kofi. Mama yake hakufanya hata kimoja. Alipiga magoti karibu naye gizani, akamshika mabega.

"Mguu wake," alinong'ona. "Ulisema wa kushoto."

"Wa kushoto, ndiyo."

"Unapindia ndani."

"Hooyo, nilikwambia hayo hayo kila jioni!"

"Nani alikusimulia?"

"Hakuna! Nilibuni!"

Kaaha aliyaachia mabega yake. Alipoongea, sauti yake haikuwa ile aliyoizoea Shamis.

"Kabla yako nilizaa mvulana. Tulikuwa safarini, tunashuka na ng'ombe upande wa Ijara. Mguu wake wa kushoto ulipindia ndani, hivi, kama jani linalotaka kujikunja. Siku ya saba ndiyo angechinjiwa mbuzi, apewe jina. Akafa kabla yake. Baba yako alinikataza kumtaja. Alisema mtoto asiye na jina utamtajaje? Tukamzika njiani, tukahama kesho yake." Akavuta pumzi. "Maka alimpokea kwa mikono yake. Baba yako, Maka na mimi. Hakuna mtu wa nne aliyeujua mguu ule."

Shamis aliutafuta mkono wa mama yake gizani.

Wakati huo harufu ikapenya. Manemane. Ikajaa nyumba nzima polepole, kama maji yanavyojaa kibuyu.

Shrrr... Ikasimama mlangoni.

"Hooyo."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, lakini namna ya kumwita mama ilikuwa ya mtoto aliyeamka akakuta kitanda kitupu.

"Hooyo, mguu unauma."

Kaaha akasimama.

"Hapana!" Shamis alimdaka kiunoni. "Usimwitikie! Si yeye, hooyo!"

"Niache."

"Kafyu imeanza! Ukitoka watakupiga!"

"Na yeye je?" Kaaha alijipapatua kwa nguvu ambazo Shamis hakujua kwamba mama yake anazo. "Yeye yuko nje, watampiga yeye! Mara ya kwanza nilimwacha njiani. Nimwache tena mlangoni kwangu?"

Na kweli, kwa mbali, viatu vya doria vilianza kusikika. Grup, grup, grup. Tochi ilimulika upande ule wa kijiji. Mwanga wake ukapenya kwenye vitundu vya mikeka, ukachora vidoa juu ya mikono ya Kaaha iliyokuwa tayari kwenye fundo la kamba.

"Hooyo, toka kidogo," ilisema sauti. "Nikuone tu."

Haikuomba kuingia. Hata mara moja haikuomba kuingia.

Fundo moja likafunguka.

Grup, grup, grup.

Shamis alining'inia kwenye mkono wa mama yake na akili yake ikikimbia kama panya aliyefungiwa. Huyu kiumbe alikuwa na njaa ya jina moja. Asipopewa, mama yake atatoka kwenda kumpa, na kule nje kuna bunduki. Ampe basi jina la mtu wa kubuni? Yarow mwenyewe alikuwa wa kubuni, na huyo hapo mlangoni. Alitaje la mwanamke mwingine wa kijiji? Harufu hii ikamwendee nani? Maka? Fatumo mwenye mapacha?

Fundo la pili.

Shamis aliweka mdomo kwenye mkeka wa ukutani.

"Yarow!"

Nje pakawa kimya.

"Uliniuliza jambo pale uani," alinong'ona haraka, machozi yakimwingia mdomoni. "Huyu mwanamke hakukuita. Hakukupa mguu wala kiu. Nilikupa mimi. Nilikubeba mdomoni na nikakuzaa mbele ya watu. Mama yako ni mimi. Ni Shamis. Ukiulizwa, sema Shamis."



Kisha ule mburuto ukaondoka mlangoni. Shrrr... ukaizunguka nyumba, polepole, ukifuata ukuta... shrrr... ukasimama upande wa pili wa mkeka, pale pale alipokuwa ameweka mdomo wake. Aliisikia pumzi. Ilikuwa baridi, na ilinuka.

"Hooyo," ilisema. Safari hii ilimwambia yeye.

Tochi ikapiga mlangoni. Ikakaa. Viatu vikasimama, askari mmoja akapiga chafya, akasema kwa Kiswahili, "Hawa wanachoma dawa gani usiku?" Mwenzake akamwambia aache, watu wenyewe ni hivyo. Wakapita.

Harufu ikaisha ghafla, kama imemezwa.

Kaaha aliteleza chini. Shamis akamkumbatia, akidhani kwamba amemwokoa, na kwamba sasa watalia pamoja. Mama yake aliiondoa mikono yake, mmoja mmoja.

"Umeninyang'anya," alisema.



Asubuhi koplo wa doria alikuja amekunja ndita. Mchanga mbele ya nyumba ulikuwa na alama: unyayo mmoja na mfereji, unyayo mmoja na mfereji. Alama zilitoka uani hadi mlangoni, zikazunguka, zikafika ukutani upande aliolala Shamis.

Zikaishia hapo. Hakukuwa na za kurudi.

"Wewe mama! Nani amelala hapa?"

"Hakuna mtu, afande," alisema Kaaha kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, macho yamevimba. "Ni mimi na msichana yangu beke yake."

"Na hii ni miguu ya nani? Ya malaika?"

Askari walipindua mikeka, wakamwaga mtama, wakatoboa magunia kwa visu vya bunduki. Hawakupata kitu. Koplo alizitazama tena zile alama. Kisha akazifuta kwa kiatu, zote, haraka haraka, kama mtu anayezima moto, akaenda zake bila kuandika lolote.

Shamis alimfuata Maka zizini.

"Alikuwa ni yule mtoto, ayeeyo? Au jini?"

Ajuza alikuwa anakamua mbuzi wake mmoja aliyebaki. Hakuinua kichwa.

"Najua mimi? Porini kuna vitu havina jina, na vyote vina masikio. Labda ni mtoto, alisikia baba yake anatajwa. Labda ni kingine, kilikuta nguo tupu imeanikwa kikaivaa. Nilikuuliza mapema kwa sababu mwana wa Alio nilishampokea kwa mikono hii." Maziwa yakalia ndani ya kibuyu. "Wewe ukaniambia tuendelee."

"Ataondoka sasa?"

"Mtoto aliyeonyeshwa mama yake," alisema Maka, "huwa anaondoka?"

Mvua zilipopita, kibali kilipatikana na Shamis akapanda lori la msafara kurudi Nairobi. Kaaha alimfungia nyama ya kukaanga katika samli, akamwombea dua ya njiani, lakini hakumtazama usoni.

Chuoni alisimama tena jukwaani, akawararua wapinzani wake kuhusu vijiji vya waya mpaka ukumbi ukapiga kelele. Akaandika pia, kwa kalamu sasa, chini ya taa. Mhadhiri wake alizisifu hadithi zake. Alimwuliza mbele ya darasa anawatoa wapi watu walio hai namna ile, kwani mtu anasoma akihisi anapumuliwa shingoni. Darasa likacheka. Shamis aliyekuwa na jibu la kila kitu akakusanya vitabu vyake akatoka nje.

Jioni hiyo alimsimulia mtu mmoja tu, Sirad, msichana wa Wajir aliyeishi naye chumba kimoja bwenini. Alimsimulia yote, tangu mwanzo, shuka imefika kidevuni. Sirad hakucheka. Alijivuta karibu na ukuta.

"Wallahi ungeniacha nimalize mtihani kwanza," alisema. "Na tangu urudi? Amekuja?"

"Mara moja. Juzi, ulipokuwa kwa shangazi yako Eastleigh."

"Ukafanya nini?"

Shamis aliivuta shuka mpaka mdomoni. Nje mvua ilikuwa imepungua, na kwenye korido ya saruji kulikuwa na kimya kile cha watu wote kuwa vyumbani.

"Nilidhani nitaogopa tu," alisema. "Niliogopa, ndiyo. Lakini aliniambia ana baridi, Sirad. Alisema mguu umelowa. Na mkono wangu... nilijikuta nimeshika komeo. Sikumbuki kunyanyuka kitandani. Nilikuwa nalia kama mama yangu, nasema subiri, mwanangu, subiri nakuja. Kengele ya chakula ndiyo iliyonizindua."

Sirad aligeuza kichwa mlangoni. Kitu kilikuwa kimeanza kunukia chumbani, kwa mbali sana, kitamu na kichungu, na wote wawili walikuwa wamekisikia.

Shamis alitoa ufunguo chini ya mto wake, akaubana kiganjani mwa rafiki yake, akamfumba vidole.

"Lala nao," alisema. "Tafadhali, Sirad. Hata nikikuomba mimi mwenyewe, hata nikipiga magoti, usifungue."